Usiitupe kamera ya babu, wala usiiamini simu mno

Msomaji mpenzi, hebu jiulize swali moja. Kama leo ungeambiwa utafute picha nzuri ya nyanya yako, picha ya kuchapishwa kubwa na kutundikwa ukutani, ungeitoa wapi? Katika albamu iliyo juu ya kabati? Ndani ya simu yenye picha elfu nne? Au ungekimbilia kitambulisho chake, uipige picha ile sura ndogo iliyonuna?

Swali hili si la mzaha. Familia nyingi za Thika, Ruiru na kwingineko hulijibu katika siku mbaya kuliko zote, siku ya msiba, wakati kamati ya mazishi inapohitaji picha ya kuweka katika ratiba ya ibada na tangazo la gazetini. Hapo ndipo watoto hupekua simu zao na kukuta picha za chakula, za magari na za harusi za watu wengine. Mama mwenyewe yuko pembeni, amegeuka au amekatwa nusu ya kichwa. Mwishowe picha hukatwa kutoka katika kundi la watu kumi, na bega la jirani hubaki limening'inia ubavuni mwa marehemu.

Tangu kamera za kidijitali zilipoingia, na simu baada yake, ubishi haujaisha. Wazee husema picha za mkanda zilikuwa na heshima. Vijana hucheka na kuuliza ni nani ana wiki mbili za kungojea picha. Ukweli ni kwamba pande zote mbili zina haki, kwa sababu kila kamera ina bei yake. Kamera ya mkanda hukulipisha kabla: pesa, subira na wasiwasi. Ya kidijitali hukupa picha karibu bure, kisha ikaja kukudai baadaye. Anayelijua deni hilo mapema ndiye atakayebaki na picha.

Picha 36, basi

Wewe kijana ambaye hujawahi kushika mkanda, fahamu kwamba ni utepe mwembamba wa plastiki uliopakwa chembechembe zenye madini ya fedha, ambazo hubadilika zikiguswa na mwanga. Mkanda wa kawaida una upana wa milimita 35, na kila picha juu yake ina ukubwa wa milimita 24 kwa 36. Ulinunua wa picha 24 au wa picha 36. Zikiisha, zimeisha.

Katika miaka ya 1980 na 1990, nyumba nyingi hazikuwa na kamera. Aliyekuwa nayo alikuwa mpigapicha wa mtaani. Jumapili baada ya kanisa, siku ya kufunga shule na zaidi ya yote siku ya Krismasi, alizunguka mitaani kamera ikiwa shingoni. Mlijipanga mbele ya ua la maua, watoto mbele wakiwa wamepakwa mafuta usoni mpaka wanang'aa, baba amesimama wima kama askari, mama ameshika kibeti. "Msisogee!" Flashi ikamulika. Mlitoa arubuni, jina likaandikwa katika kijitabu, naye akashika njia.

Kisha kukawa na kungoja. Mpigapicha hakuweza kuuosha mkanda kabla haujajaa, maana kila picha isiyopigwa ilikuwa pesa iliyotupwa. Mikanda ya rangi ilihitaji mashine na dawa zenye joto la nyuzi 38 barabara, kwa hiyo mara nyingi iliabiri gari hadi Nairobi na kurudi. Baada ya wiki moja au mbili picha ilifika, na kumbe mtoto wa tatu amefumba macho. Kurudia? Wapi! Krismasi ilikuwa imepita na mjomba amesharudi kazini Mombasa.

Mpigapicha naye alikuwa na jinamizi lake. Mkanda usiposhika vizuri ndani ya kamera, alipiga harusi nzima, kihesabio kikasoma 36, kumbe utepe haujasogea hata inchi moja. Mfuniko wa nyuma ukifunguka kwa bahati mbaya, mwanga uliingia na kuunguza kila kitu. Mkanda ulioachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani uliharibika rangi. Kulikuwa pia na utani wa siku nyingi kwamba wageni wasiolipa, waliojisukuma katika kila picha ya arusi, walimulikwa flashi tupu bila mkanda ili watulie.

Hata hivyo, kwa sababu picha ilikuwa ghali, watu waliiheshimu. Walioga, wakavaa, wakaita wazee, wakaitazama kamera. Picha ilipofika ilikuwa kitu cha kushika mkononi. Iliandikwa mgongoni, ikabandikwa katika albamu, na negetivu zikabaki ndani ya bahasha. Mwenye kulipa mapema alikuwa na sababu ya kutunza.

Somo la maporomoko ya Chania

Ukitaka kuona tofauti ya kamera hizi mbili kwa macho yako, nenda Thika, kwenye maporomoko ya mto Chania kando ya hoteli ya Blue Posts, ambayo historia yake inaanza mwaka 1908. Maharusi wengi wamepigwa picha pale, maji yakiwa nyuma yao. Wengi hudhani ni mahali rahisi. La hasha!

Maji yanayoanguka ni mtihani wa kweli. Ndani ya kamera kuna shata, yaani kilango kinachofunguka na kufunga ili kupitisha mwanga. Shata ikifunguka kwa muda wa sehemu moja ya 500 ya sekunde, kila tone la maji huonekana limeganda hewani. Ikifunguka kwa robo sekunde, maji hugeuka kama kitambaa cha hariri, lakini kamera lazima ikae juu ya stendi ya miguu mitatu, kwani mkono wa binadamu hutetemeka. Na jua la saa sita likiwa kali, robo sekunde huingiza mwanga mwingi kupita kiasi, na picha hutoka nyeupe tupu. Mwenye kujua huenda asubuhi mapema, au huvizia siku za mawingu za Julai na Agosti.

Mwanafunzi wa mkanda aliyajifunza hayo kwa uchungu. Alipiga, akaandika katika daftari alitumia shata gani na tundu gani la lenzi, akangoja wiki nzima, kisha akalinganisha. Kosa moja lilimgharimu nauli, mkanda na siku. Mwanafunzi wa kamera ya kidijitali hupiga, hutazama nyuma ya kamera, hurekebisha, hupiga tena. Katika nusu saa anajifunza kile kilichomchukua mwenzake miezi. Hii ni faida kubwa, na asiyeikubali anajidanganya.

Lakini kuna ujanja ambao wa mkanda alikuwa nao na wa leo huenda akaukosa. Yule wa zamani, kabla ya kubonyeza, alikuwa amekwisha kuiona picha kichwani. Wa leo hubonyeza mara 80, akaenda nyumbani na picha 80 zinazofanana, bila kujua ni ipi nzuri na kwa nini. Kioo cha nyuma ya kamera nacho husema uongo juani: picha iliyo sawa huonekana ya giza, mtu akaongeza mwanga, akaja kugundua nyumbani kwamba ameiharibu.

Gauni jeupe na uso mweusi

Umewahi kufungua albamu ya zamani ukakuta gauni la bibi arusi linang'aa lakini nyuso za watu ni vivuli vyenye meno? Usimlaumu mpigapicha peke yake. Kipimamwanga cha kamera hukisia kwamba kila kitu mbele yake kina weupe wa wastani. Kikiona gauni jeupe, hudhani kuna mwanga mwingi mno, hupunguza, na nyuso zetu huzama gizani.

Kulikuwa na sababu nyingine iliyotoka mbali zaidi. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ilizipelekea maabara kadi ya majaribio yenye picha ya mwanamke mzungu, iliyoitwa kadi ya Shirley. Rangi za mashine zilipangwa hadi ngozi ya mama huyo ionekane vizuri. Ngozi nyeusi haikuwa katika hesabu. Mtafiti wa Canada, Lorna Roth, alieleza katika makala yake ya 2009 kwamba miongoni mwa waliosukuma Kodak kuboresha mikanda yake walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani, waliolalamika kwamba rangi za kahawia za bidhaa zao hazitoki sawasawa. Meza na peremende zilisikilizwa mapema kuliko nyuso za watu!

Hata simu hazikuzaliwa zikiwa na haki. Ni mwaka 2021 ambapo Google ilitangaza kwamba kamera za simu zake za Pixel 6 zimepangwa upya ili kuonyesha ngozi nyeusi kama ilivyo.

Kwa hiyo shika kanuni hii. Ukitumia mkanda wa negetivu, pima mwanga wa uso wala si wa gauni, na ukikosea, heri mwanga uzidi kidogo kuliko upungue, kwa sababu mkanda huvumilia mwanga uliozidi. Kwa kamera ya kidijitali na simu, mambo ni kinyume: sehemu nyeupe ikishaungua haikombolewi tena, lakini giza laweza kupunguzwa baadaye. Dawa inayofaa kote kote ni kuwatoa maharusi juani, kuwaweka chini ya mti, na mtu mmoja ashike shuka jeupe ubavuni kurudisha mwanga usoni. Haigharimu senti.

Mtoto aliyemwangusha mzazi

Huenda ukashangaa kusikia kwamba kamera ya kwanza ya kidijitali ilitengenezwa ndani ya Kodak yenyewe, malkia wa mikanda. Ilikuwa 1975, mjini Rochester, Marekani, na aliyeiunda ni mhandisi kijana, Steven Sasson. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 3.6, picha yake ilikuwa nyeusi na nyeupe yenye pikseli 10,000 tu, na ilichukua sekunde 23 kuihifadhi katika kaseti kama zile za muziki. Kampuni haikuona haraka ya kuuza kitu ambacho kingeua biashara ya mikanda. Januari 2012, Kodak ilikwenda mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake. Usione vyaelea, vimeundwa. Na mara nyingine aliyeviunda ndiye anayezama.

Mkanda hata hivyo haukufa. Kodak ingali inautengeneza kule Rochester, na Ilford ya Uingereza ingali inatengeneza wa rangi nyeusi na nyeupe. Vijana wa nchi nyingi wameurudia, hata mwaka 2024 kampuni ya Pentax ikatoa kamera mpya ya mkanda, Pentax 17, inayogawa kila nafasi mara mbili ili mkanda wa picha 36 utoe 72.

Je, wewe mwanafunzi ununue? Piga hesabu kwanza. Tuseme mkanda ni shilingi 1,800 na kuuosha ni shilingi 900. Jumla ni 2,700. Gawanya kwa 36: kila unapobonyeza, shilingi 75 zimekwenda, ziwe za picha nzuri au ya kidole chako mbele ya lenzi. Kwa upande wa pili, kadi moja ya gigabaiti 32 hubeba picha kama 3,000 za kamera ya pikseli milioni 24, kisha ukaifuta na kuanza upya. Kwa kazi ya kujipatia riziki, kama arusi na mahafali, kidijitali hakina mshindani. Mkanda ni wa anayetaka kujifunza subira, au aliyerithi kamera ya guka wake na anataka kuisikia ikilia tena.

Deni linalokuja baadaye

Sasa tuje kwenye deni la kidijitali. Simu ikinyakuliwa kupitia dirisha la matatu, miaka mitatu ya mtoto wako imekwenda nayo. Ikianguka majini, vivyo hivyo. Neno la siri la akaunti likisahaulika, au mwenye akaunti akifariki bila kumwambia mtu, picha zipo lakini hakuna anayeweza kuzifikia. Picha inayotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa, na huenda isifae tena kuchapishwa kubwa.

Kuweka picha mtandaoni nako si ngao kamili. Machi 2019, mtandao wa MySpace, ambao uliwahi kuwa maarufu duniani, ulikiri kwamba katika kuhamisha mitambo yake huenda picha, video na nyimbo zilizopakiwa zaidi ya miaka mitatu nyuma zilikuwa zimepotea. Mamilioni ya watu walidhani wamezihifadhi.

Linganisha na kisa cha mwana wa Nairobi, Priya Ramrakha. Alizaliwa 1935, akawa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kuyapigia picha majarida ya Time na Life, akauawa kwa risasi mwaka 1968 katika vita vya Biafra, Nigeria. Kazi yake nyingi ilisahaulika. Baada ya miaka karibu 40, jamaa yake, Shravan Vidyarthi, aliifukua ikiwa imehifadhiwa katika gereji jijini Nairobi: picha za siku za hali ya hatari na za uhuru wa Afrika. Mwaka 2018 zilitolewa katika kitabu. Hakuna aliyehitaji neno la siri. Mwanga na macho vilitosha.

Usifikiri basi kwamba mkanda ni wa milele. Unyevu huuotesha ukungu, vumbi huukwaruza, mchwa hauulizi ni picha ya nani, na rangi hufifia. Picha zilizogandishwa katika albamu za gundi hutoka na ngozi ukizibandua. Lakini mkanda huharibika polepole, mbele ya macho, na hukupa nafasi ya kuuokoa. Faili hupotea kwa mkupuo.

Na kinachopotea si nyuso tu. Tazama nyuma ya watu katika picha za zamani za Ruiru: mara nyingi utaona mikahawa, mistari kwa mistari. Ndiko kwenye kituo cha utafiti kilichotoa mbegu ya kahawa ya Ruiru 11 mwaka 1985. Tangu wakati huo mashamba mengi yamekuwa mitaa ya makazi, na mji mzima wa Tatu City unajengwa juu ya lililokuwa shamba la kahawa. Sensa ya 2019 ilikuta watu karibu 490,000 mjini Ruiru. Mtoto aliyezaliwa huko juzi hataamini kwamba pale penye ghorofa shangazi yake alichuma kahawa, ila akionyeshwa picha.

Ufanyeje basi?

Kwanza, usitupe bahasha yoyote yenye negetivu. Huhitaji mashine ya bei kubwa kuanza. Weka negetivu juu ya kioo cheupe cha tableti, ipige picha kwa simu, kisha tumia programu ya kugeuza rangi. Utaona sura ambazo hazijaonekana nyumbani kwa miaka 30. Iliyo ya maana zaidi ipeleke studio wakaifanye vizuri.

Pili, igize umaskini wa mkanda. Kila mwaka, familia ikae pamoja ichague picha 36 tu kutoka simu zote, izichapishe. Watoto watabishana, na ubishi huo ni nusu ya furaha. Zilizobaki zikipotea, mtakuwa bado mna mwaka wenu.

Tatu, andika. Mali bila daftari hupotea bila habari. Nyuma ya kila picha, kwa penseli laini, weka majina yote, mahali na tarehe. Usiandike "mimi na marafiki". Baada ya miaka 40 hakuna atakayejua "mimi" alikuwa nani.

Nne, weka nakala mahali pawili ambapo hapawezi kuungua siku moja: moja kwako Ruiru, nyingine kwa dada yako Thika. Unapotuma kwa WhatsApp, itume kama hati ili isipunguzwe.

Tano, wewe mwanafunzi, jaribu zoezi hili kwa simu uliyo nayo. Siku moja jipe picha 36, na usitazame hata moja mpaka jioni. Utashangaa jinsi utakavyoanza kutembea polepole, kungoja mwanga, na kumwomba mtu ruhusa kabla ya kumpiga.

Na la mwisho, ambalo ndilo kubwa. Wapige wazee wangali hai, tena vizuri. Usimvizie nyanya akiwa jikoni na moshi machoni. Mwambie mapema, ajifunge kitambaa akipendacho, aketi karibu na dirisha au chini ya mwembe, upande wenye kivuli. Msogelee. Zungumza naye mpaka asahau kamera, kisha piga. Iwe ni ya mkanda au ya simu, haidhuru. Siku hiyo hiyo muulize jina lake kamili, mahali alipozaliwa na waliokuwa majirani zake, uyaandike. Kisha peleka picha ikachapishwe kabla ya mwezi kwisha, umpe nakala yake mkononi, naye aamue mwenyewe ukuta wa kuitundika.